Jumamosi za Iowa: Timu ya Chuo Hurithiwa Nyumbani

Uwanja wa Kinnick, katika mji wa Iowa City nchini Marekani, unaingiza watazamaji 69,250. Mji wenyewe una wakazi wapatao 75,000. Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa inapocheza nyumbani, ni kama mji mwingine mzima umehamia hapo kwa siku moja, na wanaotazamwa uwanjani ni wanafunzi. Sisi tuliolelewa katika utani wa Simba na Yanga tunayajua mapenzi ya klabu, lakini michezo ya vyuo kwetu ni mambo ya wanachuo wenyewe. Ndiyo maana inafaa kuuliza: watu hawa, ambao wengi wao hawajawahi kukaa katika darasa la chuo hicho, wanafuata nini? Wapo watakaosema wanafuata ushindi, na wapo watakaosema wanaenzi chuo walichosoma. Majibu yote mawili yana ukweli kidogo, lakini yanaliacha jambo kubwa zaidi. Mapenzi ya timu ya chuo hujengwa na familia changa, katika matembezi ya Jumamosi za majira ya mapukutiko, kabla mtoto hajajua hata kanuni moja ya mchezo. Kinachoweza kuyaua mapenzi hayo si kufungwa mara nyingi, bali ni kuiondolea familia Jumamosi yake.

Historia inaeleza kwa nini chuo ndicho kilichoshika nafasi hii. Mechi ya mchezo huo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 huko New Jersey, kati ya Rutgers na Princeton. Ligi ya kulipwa inayotamba leo, NFL, iliundwa mwaka 1920, wakati vyuo vimekwisha kuota mizizi kwa nusu karne. Jimbo la Iowa, lenye watu wapatao milioni 3.2 na mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, halina timu hata moja ya ligi hiyo. Lina Chuo Kikuu cha Iowa, kilichoanzishwa mwaka 1847, na hasimu wake Iowa State katika mji wa Ames, vyote vikiwa vyuo vya umma. Mkulima ambaye hakuvuka sekondari huviona kuwa vyake, kwa kuwa kodi yake imo na watoto wa jirani yake wanasoma humo. Sheria nayo ilisaidia. Mwaka 1961 Bunge la Marekani liliruhusu timu za kulipwa kuuza haki za televisheni kwa pamoja, lakini likaweka masharti ya kuzilinda mechi za shule na vyuo za Ijumaa usiku na Jumamosi katika sehemu kubwa ya msimu. Hivyo Jumapili ikawa ya wanaolipwa, na Jumamosi ikabaki ya vyuo.

Jumamosi hiyo huangukia wakati mzuri kuliko wote wa mwaka. Kati ya Septemba na Novemba joto hupungua, majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, mahindi hukauka mashambani na matufaha huiva. Wazazi wenye watoto wadogo huanza kutoka. Wiki moja huenda shamba la matufaha, ambako mtoto hupewa mfuko achume mwenyewe, kisha familia hunywa juisi iliyokamuliwa papo hapo na kula donati za moto. Wiki nyingine huenda kuchagua maboga, au kuingia katika shamba la mahindi lililokatwa njia za kupotezana, ambamo watoto hukimbia wakitafuta pa kutokea. Wiki ya tatu ni mechi. Kwa mtoto wa miaka minne, safari hizi tatu ni jambo moja: baba na mama hawako kazini, gari limejaa vyakula, na wote wanakwenda mahali penye watu.

Siku ya mechi, wenye nyumba za Barabara ya Melrose, kando ya uwanja, hukodisha nyasi za mbele ya nyumba zao ziwe maegesho. Saa kadhaa kabla ya mchezo, watu hufungua buti za magari, hupanga meza na kuchoma soseji, huku harufu ya mapaja ya bata mzinga yanayouzwa njiani ikitanda mtaa mzima. Wazee kwa watoto huvaa ovaroli za mistari myeusi na ya dhahabu, rangi za timu. Watoto hushindana kurusha vifuko vidogo ili viingie katika tundu la ubao ulioegemezwa chini. Ndani ya uwanja, timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, yaani kama mita tisa, na ikishindwa humwachia mpinzani. Mtoto haelewi lolote katika hayo. Anachoshika ni kwamba watu wa kwao huvaa nyeusi na dhahabu, na kwamba babu, anayejulikana kwa ukimya wake, leo anapiga kelele.

Tangu Septemba 2017 uwanja huu una desturi inayoithibitisha hoja hii kuliko takwimu yoyote. Mwaka huo ilifunguliwa hospitali ya watoto ya chuo, jengo refu linalotazama uwanja moja kwa moja. Mama mmoja, shabiki wa kawaida, alipendekeza kwenye Facebook kwamba watazamaji wawapungie mkono watoto waliolazwa humo. Sasa, robo ya kwanza ya mechi inapokwisha, watu wote husimama, hugeukia madirisha ya ghorofa ya juu na kupunga. Wachezaji hupunga, waamuzi hupunga, na timu ya ugenini nayo hupunga. Hakuna pointi inayopatikana kwa hilo. Lakini mzazi aliyembeba mwanawe mabegani anamfundisha pale pale maana ya kuwa mtu wa Iowa, na somo hilo halitegemei matokeo.

Atakayesema ushindi ndio unaovuta watu, aangalie jirani wa magharibi. Chuo Kikuu cha Nebraska huhesabu mfululizo wa kuuza tiketi zote za mechi za nyumbani tangu mwaka 1962. Kuanzia 2017 hadi 2023 timu hiyo ilimaliza misimu saba mfululizo ikiwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, na hesabu haikukatika. Ni kweli kwamba haikujiendea tu: mwaka 2021 wafadhili walinunua tiketi za ziada ili wapewe watoto wa familia zisizojiweza. Hilo halinivunjii hoja. Walipotaka kuinusuru desturi yao, waliweka watoto kwenye viti. Michigan nayo mwaka 2008 ilishinda mechi tatu na kupoteza tisa, lakini uwanja wake uliendelea kupokea zaidi ya watu 100,000 kila mechi. Na kuhusu elimu, Wamarekani watu wazima wenye shahada ya chuo kikuu hawafiki nusu. Viwanja hivi visingejaa kwa wahitimu peke yao.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mtoto anafundishwa chuki. Mwaka 2010, baada ya timu ya chuo cha Auburn kuifunga ile ya hasimu wake, Alabama, shabiki wa Alabama aliiwekea sumu mialoni miwili mikongwe ambayo watu wa Auburn walikuwa wakikusanyika chini yake kusherehekea. Miti ilikufa, naye akafungwa. Lakini kisa hicho kilishtua nchi nzima, wakiwamo mashabiki wa Alabama, kwa sababu kilivunja mwiko. Ziko nyumba nyingi ambamo mume ni wa Iowa na mke ni wa Iowa State, na bendera ya rangi za timu zote mbili hupepea barazani. Mtoto anayekua katika nyumba ya namna hiyo hujifunza kwamba unaweza kumtania mtu siku nzima na bado mkala meza moja. Mahali pengi duniani pana uhaba wa somo hilo.

Kuhusu usalama, ukweli usemwe bila kuficha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulichunguza bongo za marehemu waliocheza mchezo huu. Kati ya 53 waliofikia ngazi ya chuo, 48 walikuwa na ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa tayari na wasiwasi, kwa hiyo idadi hiyo haiwakilishi wachezaji wote. Hata hivyo, mzazi anayempeleka mwanawe kushangilia hawezi kusema hayamhusu. Anaweza kuipenda Jumamosi na bado akakataa mwanawe kuucheza mchezo huo, na kelele zake ziwatetee pia wanaoumia uwanjani.

Hatari iliyobaki ni fedha. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliviruhusu vyuo kuuza vyenyewe mechi zao kwenye televisheni, na mwaka 2022 ligi ya Iowa, Big Ten, ilitia saini mikataba iliyoripotiwa kuzidi dola bilioni 7. Mwaka 2024 ligi hiyo ilipokea vyuo vinne vya pwani ya magharibi, viwili vikiwa vya Los Angeles, zaidi ya kilomita 2,400 kutoka Iowa City. Leo ina timu 18. Wapo wanaolalamikia wachezaji kulipwa, jambo lililofunguliwa mwaka 2021 kupitia matangazo na mwaka 2025 kupitia vyuo vyenyewe. Lawama hiyo imekosea mlango: wanaovuja jasho wana haki ya ujira. Kinachoumiza familia ni saa ya mechi kupangwa na televisheni, mara nyingi siku 12 au hata 6 kabla, na mchezo kusukumwa hadi usiku, hali ya kuwa unachukua zaidi ya saa tatu. Mwenye mtoto wa miaka minne hawezi kukaa uwanjani hadi saa nne usiku, na tiketi nne zikizidi bajeti ya mwezi, hatakwenda kabisa. Baada ya miaka ishirini, kiti hicho hakitakuwa na mrithi.

Jambo hili linawagusa hata wasomaji wa Kiswahili, kwa maana Iowa City na Des Moines zina familia nyingi kutoka Kongo zinazozungumza lugha yetu. Hazikurithi timu, lakini nafasi ziko wazi: shamba la matufaha halimuulizi mtu kwao wapi, wala umati unaopungia hospitali hauchungulii pasipoti. Wazazi, anzeni na mechi ya mchana mwanzoni mwa msimu, dhidi ya timu ndogo, wakati tiketi ni nafuu na jua lipo. Na wanaopanga ratiba na bei wajue kwamba atakayewajazia uwanja mwaka 2045 leo hii analala saa mbili usiku. Wampangie mechi mchana.