Maradhi hukaa penye hofu

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tumeizoea, na mara nyingi tunaitumia kumlaumu mgonjwa. Swali tusilouliza ni hili: kwa nini mtu mwenye akili timamu afiche maradhi yanayoweza kumuua yeye na watoto wake?

Tutazame yaliyowapata jirani zetu wa Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kuwa Ebola imezuka karibu na mji wa Beni. Safari hii madaktari hawakwenda mikono mitupu. Chanjo ilikuwapo, na siku chache baadaye ilianza kutolewa. Hata hivyo ugonjwa uliendelea kwa karibu miaka miwili. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Kilichopungua zaidi hapo ni imani. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni na vijiji vyake walikuwa wakizika ndugu zao waliouawa kikatili na waasi, na hawakuona wa kuwaokoa. Malaria iliua watoto wao kila mwaka. Ilipokuja Ebola, ghafla barabara zikajaa magari ya wageni. Watu wakauliza: siku zote hizo mlikuwa wapi?

Septemba 2018 watafiti waliwahoji wakazi wa Beni na Butembo. Kiasi cha mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo. Kisha tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi ikaahirisha kura katika maeneo hayo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, ilhali rais mpya angeapishwa Januari. Kwa waliokuwa na shaka, huo ukawa ushahidi kwamba Ebola ni mbinu ya wanasiasa. Kesho yake kituo cha wagonjwa mjini Beni kilivamiwa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo navyo vilishambuliwa.

Sasa tazameni jinsi virusi vilivyopata njia. Mwenye homa alikwepa kituo cha Ebola, akiogopa kufa peke yake mbali na jamaa. Akaenda zahanati ya mtaani isiyo na kinga ya kutosha, akawaambukiza mhudumu na wagonjwa wenzake. Akifia nyumbani, jamaa walimwosha kwa desturi, wakati maiti ya Ebola ni ya hatari kubwa. Wachanjaji, ambao kazi yao ilikuwa kuwachanja waliomgusa mgonjwa, hawakujua pa kuwatafuta. Juni 2019 ugonjwa ulivuka mpaka hadi Kasese, Uganda. Julai ukafika Goma.

Mambo yaliyosaidia yanaonekana madogo. Baadhi ya wagonjwa waliwekwa katika vyumba vya plastiki angavu, jamaa wakawaona na kuzungumza nao. Waliopona waliajiriwa kuwahudumia wagonjwa na kulea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Aliyepona akisimama mbele ya jirani zake, hahitaji hotuba ndefu.

Ndugu wasikilizaji, chanjo inaweza kuletwa kwa ndege siku ya hatari, lakini imani haisafirishwi hivyo. Inajengwa siku za kawaida, pale mama mwenye mtoto anayeharisha anapopokelewa kwa heshima katika zahanati ya mtaa wake, na pale kiongozi anaposema kweli hata isipompendeza. Anayefokewa leo dirishani pa zahanati ndiye atakayejifungia ndani kipindupindu kikiingia mtaani. Naye akijifungia, hatakufa peke yake.

Methali ya wahenga ni ya kweli. Basi kabla ya kumcheka mficha maradhi, tujiulize ni nani aliyemfundisha kuficha.