MADINI YA FEDHA MITONI: KWA NINI YAPIMWE

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kuwa maji yasiyomdhuru mnywaji yaweza kuwa sumu kwa samaki. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa miligramu 0.1 ya madini ya fedha katika lita moja ya maji haina madhara kwa binadamu. Hata hivyo, samaki wachanga wa maji baridi huweza kufa kwa kiasi kisichofikia hata sehemu ya kumi ya hicho, kwani fedha hushika mashavu yao na kuvuruga chumvi ya miili yao.

Chanzo kimojawapo ni dawa iliyokwisha tumika kusafishia filamu za eksirei.

Mto Mkondoa upitao mjini Kilosa, na Mto Mkata upitao katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yote hupeleka maji yake Mto Wami, ambao huingia Bahari ya Hindi mkabala na Unguja.

Ili kupata ukweli, maji hayana budi kuchotwa juu ya mji na chini yake, pamoja na tope, kwa kuwa fedha hutuama humo.

Dawa hiyo isimwagwe mferejini, bali ikusanywe ili fedha iliyomo itolewe kwanza.