Samaki wa nyumbani akiugua, tuanze na maji

Juma hili tunawaletea habari ya samaki. Si yule wa kukaanga na kuliwa na bugali. Ni samaki wa kufugwa ndani ya akwariamu, yaani lile sanduku la kioo lenye maji ambalo watoto wanaweza kulitazama saa nzima bila kugombana. Tunajua wengine watacheka. Hata sisi tulicheka, mpaka siku samaki walipoanza kufa na mtoto akatuuliza ni dawa gani tumewapa.

Hapa Uvira ziwa liko mlangoni, lakini mtoto wetu wa darasa la tano alitaka kuona samaki anavyoishi chini ya maji, si anavyolala kwenye beseni sokoni. Baba watoto akanunua vioo vitano kwa fundi wa madirisha, akavigundisha kwa silikoni: urefu sentimeta 80, upana 40, kimo 40. Tukijaza vizuri, yanaingia maji ya bidoni tano na nusu za lita 20. Mvuvi mmoja tunayefahamiana naye akatuletea samaki tisa wadogo kutoka kwenye mawe ya kando ya ziwa, weusi, wenye mkanda wa rangi ya machungwa ubavuni.

Samaki hao si wa kudharau. Tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa nje. Mpaka leo wafugaji wa Ujerumani na Marekani wanawaita jamaa za samaki wetu kwa majina ya mahali petu: Bemba, Luhanga, Kiriza. Mtoto wa Kiriza hajui Ujerumani iko wapi, lakini huko kuna mtu anayetaja kijiji chake akitazama kioo sebuleni.

Turudi kwenye msiba wetu. Juma la pili, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuta samaki wote tisa wako juu ya maji, midomo wazi, wanahema mbio. Matamvua yao, ile sehemu ya kupumulia iliyo ndani ya shavu, yalikuwa mekundu sana. Tukasema: ugonjwa umeingia. Tukafanya kama wengi wetu tunavyofanya mtoto akikohoa: tukatuma mtu akanunue tetrasiklini, vile vidonge vya rangi mbili. Tukafungua vinne, tukamwaga unga wake ndani ya maji. Maji yakawa ya njano, povu likapanda. Kufika jioni samaki wanne walikuwa wamekufa.

Mtoto hakulia. Alichukua daftari lake akaandika: asubuhi 9, jioni 5. Sisi tunaosahihisha madaftari kila siku hatukuwa na la kusahihisha pale.

Kesho yake tulimwendea mwalimu mwenzetu anayefundisha biolojia katika masomo ya sekondari. Tulitegemea atutajie jina la ugonjwa. Yeye akatuuliza maswali. Maji yamekaa humo tangu lini? Wameanza wote siku moja, au mmoja mmoja? Wanakula nini, na mabaki yanakwenda wapi? Jana na juzi mmebadilisha kitu gani? Tulipokuwa tukijibu, tuliona aibu kidogo. Watoto walikuwa wakiwatupia vipande vya bugali na mkate, na vilivyobaki vilioza chini ya mawe. Maji hayakuwa yamebadilishwa hata mara moja.

“Mama mwalimu,” akasema, “hao hawakuwa na ugonjwa. Walikuwa wanakunywa mkojo wao.”

Akaeleza hivi. Samaki anatoa uchafu wa mwili wake hasa kupitia matamvua, na uchafu huo ni amonia. Mama mwenye mtoto mchanga anaijua amonia, ndiyo ile harufu kali ya nepi zilizokaa ndani ya ndoo. Chakula kinachooza nacho kinaitoa. Ziwani haina nguvu, kwa sababu ziwa letu lina kina cha mita 1,470 mahali pake parefu zaidi, na linagusa nchi nne. Ndani ya bidoni tano na nusu amonia haina pa kwenda. Inaunguza matamvua, na samaki anapanda juu kutafuta hewa.

Katika akwariamu iliyozoea, kuna vijidudu vyema vinavyokaa juu ya mawe, mchanga na sponji ya chujio. Vinageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mkubwa. Vijidudu hivyo havinunuliwi sokoni. Vinahitaji majuma manne mpaka sita kuzaana vya kutosha. Sisi tuliweka samaki tisa siku ya kwanza, katika sanduku ambalo hata hivyo lilikuwa dogo kwao. Tena maji ya Tanganyika yana asili ya magadi, kipimo chake cha pH kinakaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia ni sumu kali kuliko katika maji ya mvua. Kumbe maji mazuri ya ziwa, ambayo samaki hawa wanayapenda, ndiyo yanayoadhibu haraka zaidi uzembe wa mwenye nyumba.

Na tetrasiklini yetu? Maji haya yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, nazo zinaikamata dawa hiyo na kuipunguza nguvu. Iliyobaki inaweza kuua vijidudu vyema vichache vilivyokuwa vimeanza kuzaa. Tulikuta wagonjwa wa sumu, tukawapiga wasaidizi wao. Hapa tuseme neno kando: mama muuguzi aliposikia habari hii, hakuuliza juu ya samaki. Aliuliza kama vidonge vilivyobaki bado viko nyumbani, maana mtoto chini ya miaka 8 na mama mjamzito hawapewi tetrasiklini hivi hivi. Inaacha rangi ya kudumu kwenye meno ya mtoto. Tukavitoa nyumbani siku ile ile.

Dawa ya wale watano waliobaki ilikuwa kazi ya mikono. Tuliondoa sehemu moja kwa tatu ya maji, tukanyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, tukaweka maji mapya ya ziwa yenye joto lile lile. Siku mbili hatukuwapa chakula chochote. Samaki mzima anavumilia njaa ya siku mbili bila shida, lakini havumilii huruma ya watoto wenye mkate. Tulirudia kubadilisha maji kila siku kwa juma zima. Anayetumia maji ya bomba ayaache ndani ya beseni wazi siku nzima ili klorini itoke, kwa maana klorini nayo inaunguza matamvua. Umeme ukikatika na mashine ya hewa ikanyamaza, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, mara nyingi. Kwetu kazi hiyo ni ya mtoto na yaya yake, kwa zamu. Wote watano wakapona.

Tangu siku ile, samaki wakibadilika, tunaanza kwa kuhesabu. Wakiugua wote siku moja, tunashuku maji: uchafu, joto, klorini, hewa, au dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani. Akiugua mmoja na wengine wanakula na kukimbizana kama kawaida, tunamtazama huyo mmoja. Na tunatazama kutoka mbali kwanza, kwa sababu ukikaribia kioo, hata mgonjwa anajikaza akidhani umeleta chakula. Ni nani anakaa peke yake nyuma ya jiwe? Ni nani anajikwaruza kwenye mchanga? Ni nani amefunga mapezi yake karibu na mwili? Baadaye ndipo tunakaribia na kutafuta madoa, vidonda, tumbo, na hata mavi yake. Mama aliyelea watoto haoni kinyaa kwa jambo hilo.

Miezi mitatu baadaye lilitokea la pili, na safari hii lilikuwa ugonjwa kweli. Samaki mkubwa kuliko wote alikimbia chakula. Anakitia mdomoni, anakitema. Tumbo likavimba, na mavi yake yakawa uzi mrefu mweupe. Wenzake walikuwa wazima. Tulimwita mvuvi, akatazama akauliza: “Mama mwalimu, mnamlisha nini?” Tukamwambia kwamba wageni walikuwa kwetu kwa siku chache, na watoto wao walimpa ndakala na vipande vya nyama. Akatikisa kichwa. “Huyu hali nyama. Huyu anakwangua mawe.”

Ni kweli. Samaki hawa wanaishi kwa ule ute wa kijani unaoota juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu sana, wa kumeng'enya majani. Wakilishwa nyama, au wakiteswa na wenzao, tumbo linaharibika, na vimelea vya utumboni vinapata nafasi. Wafugaji wa nchi nyingi wanaujua ugonjwa huu wa kuvimba, na dawa wanayotumia ni metronidazoli. Ndiyo, ile ile ya amiba, ambayo wengi wetu tunaiita Flagyl.

Mwenye duka la dawa alituuliza ni ya nani, mtoto au mtu mzima. Tuliposema ni ya samaki, aliita wenzake waje kusikia. Akatuuzia vidonge viwili vya miligramu 250. Mgonjwa tulimweka peke yake ndani ya ndoo ya lita 20 pamoja na mpira wa hewa, tukafunika kwa kitambaa kwa sababu mwanga unaharibu dawa hii, na giza linamtuliza mgonjwa. Nusu ya kidonge tuliisaga vizuri, tukaikoroga katika kikombe, tukaimwaga. Siku ya tatu tulibadilisha nusu ya maji na kuweka robo kidonge, siku ya tano vile vile. Chakula hakuna. Wakati huo wa pili naye akaanza kukimbia chakula. Tukamtia ndoo ya pili siku ile ile, kabla hajavimba.

Wa pili alipona. Yule mkubwa alikufa siku ya nne, magamba yamesimama kama manyoya ya kuku mwenye baridi. Magamba yakifika kusimama hivyo, mara nyingi umechelewa. Sisi tulikuwa tumepoteza siku tatu tukisema labda hana hamu tu.

Kuna ugonjwa mwingine mnaoweza kuuona hata kwa samaki wa aina nyingine: madoa meupe madogo, kama mtu amemnyunyizia chumvi. Ni kimelea. Kinakaa chini ya ngozi ambapo dawa haikifikii, kisha kinaanguka chini, kinajigawa, na watoto wake wengi wanaogelea kutafuta samaki wengine. Ni wakati huo wa kuogelea tu ndipo dawa inakiua. Kwa hiyo madoa yakipotea siku ya nne, msishangilie na kuacha. Chumvi ya jikoni, gramu 2 kwa kila lita, ikayeyushwa kwanza katika kikombe na kuongezwa polepole kwa siku mbili, inasaidia samaki wetu wengi, lakini iendelee siku 14. Na kila mara mnapobadilisha maji, rudisheni chumvi ya yale maji mapya tu.

Mama wa vikundi vyenye mabwawa ya tilapia wamekwisha kutuuliza kama haya yanawahusu. Kuhesabu kunawahusu sana. Mkikuta samaki wote wanapumua juu ya maji alfajiri, na jua likipanda wanashuka, hewa imepungua usiku: acheni kwanza samadi na chakula, ingizeni maji mapya. Lakini msitie metronidazoli wala kidonge chochote ndani ya bwawa la samaki wa kuliwa. Aliyewekewa dawa hii asiende sokoni wala chunguni, hata akipona. Wetu tulimzika chini ya mpapai, na paka tulimfungia ndani.

Sasa wamebaki wanne. Wanakula majani ya lenga-lenga yaliyochemshwa kidogo, kiasi cha kuisha kwa dakika chache, na mgeni yeyote anaoneshwa kiti kilicho mbali na kioo. Maji tunabadilisha kila Jumamosi, robo yake.

Juma lililopita mtoto alitushtua tena: mmoja amejitenga nyuma ya jiwe, karibu hali kitu, na chini ya kidevu amevimba. Tukachukua ndoo. Tulikuwa tumekwisha kuvunja kidonge mara mbili, ndipo mtoto akasema tumtazame kwanza kutoka mbali, kama tulivyokubaliana. Tukakaa. Baada ya muda samaki akafungua mdomo kidogo, na ndani tukaona mayai ya rangi ya njano, makubwa kama punje za mtama. Samaki hawa wanabeba mayai na watoto mdomoni kwa majuma manne hivi, na muda wote huo mama anakula kidogo sana.

Ndoo tumeirudisha jikoni. Katika daftari mtoto ameandika tarehe, kisha 4, kisha alama ya kuuliza kwa kalamu ya risasi, ili aweze kuifuta.