«Moja iko wapi?»

Mwezi huu tuongee juu ya muziki.

Hapa kambini tunakaa jirani na watu wa makabila na lugha mbalimbali. Mara nyingi tunasikia: eti ngoma yao na yetu hazipatani! Jamani, ni kweli? Tuangalie mfano wa kutoka Kongo.

Mzee Mingiedi Mawangu alianzisha bendi ya Konono N°1 mjini Kinshasa katika miaka ya 1960. Chombo chake kilikuwa likembe. Kwa kuwa makelele ya mji yalifunika sauti yake, walitumia sumaku za magari mabovu kutengeneza vikuza sauti. Vilitoa mkwaruzo mkali, na kumbe mkwaruzo ule ndio uliopendwa mpaka Ulaya.

Bendi nyingine ya Kinshasa, Kasai Allstars, inaunganisha wanamuziki wa makabila matano ya Kasai: Waluba, Wasonge, Walulua, Watetela na Waluntu. Hapo mwanzo watu walidhani muziki wao hauwezi kuchanganyika. Ukachanganyika.

Mwaka 2011 bendi hizo mbili zilikutana na wapiga roki wa kujaribu mambo mapya: Deerhoof wa Marekani, Juana Molina wa Argentina, Wildbirds & Peacedrums wa Uswidi, na wengine. Wote pamoja walikuwa wapatao 20, wakajiita Congotronics International. Walipiga Ulaya na Japani. Albamu yao ilitoka mwaka 2022, yaani baada ya miaka 11.

Albamu inaitwa Where's the One?, maana yake «Moja iko wapi?». Ndilo swali wageni walilowauliza Wakongo: pigo la kwanza, lile la kuanzia kuhesabu, liko wapi? Wale walikuwa wanamuziki wenye majina, lakini hawakuona haya kuuliza. Na Wakongo hawakuacha likembe yao ili wafanane na wageni. Kila mmoja alileta chake, akasikiliza cha mwenzake.

Wazazi, hilo tunaliweza hata sisi. Watoto wetu wengi wamezaliwa kambini, na ngoma za nyumbani hawatazijua tusipowaonyesha. Basi jioni moja tuwapigie, hata kama ni kwa ndoo na kopo. Tumwite na jirani wa kabila lingine. Akipiga ya kwao tusicheke, tumuulize tu: ndugu, moja iko wapi?