Miti, Ruzuku na Ripoti: Utafiti wa Misitu katika Mashamba ya Itumbe

Itumbe, katika nyanda za juu za Kisii, ni nchi ya chai. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo nchini Kenya aghalabu hutumia kuni kupata mvuke wa kukaushia majani, na sehemu kubwa ya kuni hizo ni mkaratusi. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 ili uwe kuni za garimoshi la reli ya Uganda. Mkulima huupenda kwa kuwa hukua upesi na huchipua tena ukatwapo, ilhali jirani yake aliye bondeni hulalamika kwamba chemchemi inakauka. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kando ya vyanzo vya maji ing'olewe. Mwaka uo huo Shirika la Huduma za Misitu la Kenya (KFS) lilitoa mwongozo wa kuipanda mashambani. Swali la aina gani ipandwe na umbali gani kutoka mtoni haliwezi kujibiwa kwa amri. Hujibiwa kwa majaribio, na majaribio hugharimiwa na ruzuku.

Ruzuku si zawadi, ni mkataba. Kabla ya mche wa kwanza kutiwa ardhini, mtafiti huwa ameandika bangokitita, yaani jedwali linaloonyesha lengo, shughuli, viashiria vya mafanikio na njia ya kuvithibitisha. Fedha hutolewa kwa awamu, na kwa kawaida awamu inayofuata husubiri ripoti ya ile iliyotangulia. Fedha za fungu la miche haziwezi kununua mafuta ya gari pasipo idhini ya mfadhili. Ripoti nazo ni mbili, ya kazi na ya fedha, na sharti zisadikishane: ikiwa ya kwanza yasema miti ilipimwa mwezi Machi, stakabadhi za safari ya Machi ziwepo katika jalada la pili. Wakaguzi wa hesabu huanzia hapo.

Ugumu wa miradi ya misitu, hata hivyo, hauko katika stakabadhi bali katika muda. Ruzuku nyingi hudumu miaka 2 au 3. Mkaratusi wa kuni, pamoja na wepesi wake wote, huhitaji takriban miaka 6 au zaidi. Kwa hiyo msimamizi hulazimika kuripoti mafanikio ya kitu ambacho hakijakomaa, na kishawishi kikubwa ni kuhesabu miche iliyopandwa badala ya iliyosalia hai. Green Belt Movement, iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, ilikwepa mtego huo mapema: wanawake walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika. Kiashiria kilikuwa uhai wa mche.

Tuseme majaribio yanafanyiwa Itumbe. Kila mti hupewa namba, na kipenyo cha shina lake hupimwa katika kimo cha mita 1.3, mti ule ule kila mara. Mche uliokufa huandikwa pamoja na sababu yake, iwe mchwa, ukame au mbuzi. Ripoti isiyo na miche iliyokufa hutiliwa shaka, na ni haki. Isitoshe, mashamba ya Kisii ni madogo mno. Karo ya shule inapodaiwa, mti wa utafiti waweza kuuzwa kabla ya kupimwa. Hakuna wa kumlaumu mwenye shamba iwapo mkataba haukutaja fidia.

Ripoti hizo zote huandikwa kwa Kiingereza. Nakala moja huenda kwa mfadhili, nyingine kwa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo hutoa leseni ya utafiti. Aliyetoa ardhi hapati kitu. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi (ibara ya 7) na inampa raia haki ya kupata habari (ibara ya 35). Lakini tafsiri isiyotengewa fungu katika bajeti ya mwanzo haipatikani mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha. Wala Kiswahili chochote hakitoshi. Mtaalamu huandika "asilimia ya usalimikaji". Mkulima husema "miche iliyoshika", na neno lake ni bora zaidi. Zaidi ya hayo, lugha ya nyumbani Itumbe ni Ekegusii, hivyo muhtasari wa Kiswahili utafafanuliwa tena barazani kwa kinywa, na msamiati mzito utaanguka njiani.

Muhtasari huo hauhitaji kuzidi kurasa 2. Useme ni aina gani iliyoshika na ipi iliyokufa, chemchemi ilikuwa umbali gani na maji yake yalipungua au la, na miti iliyobaki ni mali ya nani mradi ukifungwa. Swali la mwisho ndilo huulizwa kwanza barazani.