Nati Isiyo na Kosa

Pikipiki ikianza kutetemeka mbele, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye nati kubwa ya usukani. Kikwajuni, kama mitaa mingine ya Mjini Unguja, hiyo imekuwa ndiyo dawa ya kwanza. Dereva anaeleza kwamba chombo kinawayawaya akishika kasi kwenye njia ya Paje, nati inazungushwa robo, fedha inalipwa, safari inaendelea. Na kweli mara nyingi mtetemo hupungua. Lakini kupungua huko si kupona. Nati hiyo ilifaa iguswe mwisho, baada ya kila kitu kingine kukaguliwa, na kuigusa mwanzo kunamwongezea hatari dereva pamoja na aliyempakia.

Kwa nini gurudumu la mbele litetemeke? Tazama toroli la mizigo pale uwanja wa ndege wa Kisauni. Gurudumu lake dogo limefungwa nyuma kidogo ya nguzo linapozungukia, ndiyo maana hufuata lenyewe upande unaolisukuma. Lisukume mbio, nalo huanza kupiga kushoto na kulia. Pikipiki imeundwa kwa kanuni hiyohiyo: mpira wa mbele unakanyaga barabara nyuma ya pale ambapo nguzo ya usukani, lau ingerefushwa, ingegusa ardhi. Umbali huo mdogo ndio unaourudisha usukani katikati ukipigwa na jiwe. Unaporudi kwa nguvu hupitiliza, ukarudishwa tena, ukapitiliza upande wa pili. Kukiwa na kitu cha kuimeza nguvu hiyo, mchezo unakwisha wenyewe. Kisipokuwapo, unakua, kwa kawaida mara 4 hadi 10 kwa kila sekunde. Mwaka 1971 mhandisi Mwingereza Robin Sharp alichapisha hesabu zilizotenganisha mtetemo huu wa mbele na myumbo wa pikipiki nzima, ambao huenda taratibu zaidi na huhisiwa makalioni kuliko mikononi. Katika hesabu hizo aliingiza jambo ambalo gereji nyingi hulisahau: mpira huchelewa kidogo kujibu unapogeuzwa, na kuchelewa huko kuna sehemu kubwa katika kuyumba kwa chombo. Kwa maneno mengine, ugonjwa unaoonekana kwenye usukani huenda umeanzia pale chini, mpira unapokutana na njia.

Pikipiki za matumizi mawili, zile ndefu za lami na vumbi kama Honda XL na Yamaha DT, zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ya maumbile yake. Gurudumu la mbele aghalabu ni la inchi 21, shokapu ni ndefu, mpira una vifundo, na madigadi imepandishwa juu ili tope lisikwame. Kila kimoja kina faida yake kwenye njia za mawe za kusini na mashariki ya Unguja, ambako matumbawe yanajitokeza juu ya ardhi, na kwenye mchanga wa vijiji vya pwani. Pikipiki hizohizo zikipelekwa kasi kwenye lami, madigadi hudaka upepo na vifundo hupinda kabla ya kushika. Vifundo hivyo pia haviliki sawa, bali kila kimoja hulika zaidi ukingo mmoja, mpira ukawa kama msumeno. Pitisha kiganja kuuzunguka, kwenda na kurudi. Upande mmoja ukiteleza na wa pili ukakwaruza, hakuna nati itakayoutuliza. Pima upepo mpira ukiwa baridi, ulinganishe na kibandiko au kitabu cha pikipiki, kwa sababu kidole cha fundi hakiwezi kutofautisha mpira uliopungua robo ya upepo na uliojaa. Halafu soma tarakimu nne za mwisho zilizo ubavuni mwake baada ya herufi DOT: 1918 maana yake ni wiki ya 19 ya mwaka 2018. Mpira uliokaa miaka mingi juani unaweza kuwa na vifundo virefu na bado ukawa mgumu kama kwato.

Mpira ukiwa mzima, kagua kinachoubeba. Nyanyua mbele, zungusha gurudumu huku umeshikilia kijiti karibu na ringi, uone kama inasogea na kurudi. Gonga spoku mojamoja; iliyolegea hutoa sauti nzito, iliyokaza hulia. Shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise, ili beringi zake zijieleze. Baada ya hapo nenda nyuma, na hapa ndipo ukaguzi mwingi unapokatikia njiani. Bushi za mkono wa nyuma zikilika, gurudumu la nyuma hupata nafasi ya kujielekeza lenyewe, na la mbele hulazimika kusahihisha kila wakati. Hali huwa hiyohiyo ikiwa cheni ilikazwa kwa haraka na alama za upande mmoja hazilingani na za upande wa pili. Mzigo nao una lake. Gunia lililofungwa nyuma ya ekseli ya nyuma, au abiria wawili wa mshikaki, hukandamiza nyuma na kuunyanyua usukani, kisha mpira wa mbele ukakanyaga kwa wepesi. Chombo kinachotetemeka kikiwa na mzigo na kutulia kikiwa kitupu kimeshatoa nusu ya jibu.

Atakayepinga ana hoja ya maana: kama kosa haliko kwenye nati, mbona ikikazwa pikipiki hutulia? Hutulia kwa sababu kukaza kunaongeza msuguano, na msuguano humeza mtetemo. Kwa kazi hiyo hasa kipo kifaa maalumu, kizuizi cha usukani, kinachofungwa kwenye baadhi ya pikipiki za mbio. Lakini kizuizi kizuri hupinga mwendo wa ghafla tu na kuuacha ule wa taratibu. Nati iliyokazwa kupita kiasi hupinga yote mawili. Usukani unapoteza uwezo wa kujirudisha wenyewe, dereva anajikuta anasahihisha mwelekeo hata kwenye njia iliyonyooka, na mtetemo wa mbele unabadilika kuwa myumbo wa chombo kizima, ambao ni mgumu zaidi kuuzima. Huku ndani goroli zinakandamizwa kwenye vikombe vyake na kuvichimba. Mwezi ukipita kuna magonjwa mawili, na lile la kwanza bado lipo.

Hoja ya pili ni ya fedha, nayo naiheshimu, maana mwenye hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni hawezi kuacha chombo gerejini siku nzima. Lakini ukaguzi nilioueleza hautaki kifaa cha bei. Unataka kipimo cha upepo, kijiti, kitu cha kunyanyulia na muda usiozidi wa kunywa kahawa mbili. Tena tiba mara nyingi ni upepo au spoku chache, vitu rahisi kuliko goroli mpya. Na mtetemo ukizuka njiani kabla ya tiba kupatikana, dereva ashike usukani imara bila kushindana nao, aegemee mbele, apunguze mafuta kidogokidogo na asikamate breki. Breki ya mbele inaongeza uzito juu ya gurudumu ambalo tayari limechanganyikiwa.

Kuna wakati kosa ni la usukani kweli, hasa kisiwani ambako hewa ina chumvi, masika hulowesha kila kitu, na pampu ya kuoshea husukuma maji hadi ndani ya grisi. Pikipiki hutumia muda wake mwingi ikienda moja kwa moja, kwa hiyo kila shimo hugongesha goroli mahali palepale. Dalili yake haijifichi: gurudumu la mbele likiwa juu, geuza usukani taratibu, ukinasa katikati kama mlango unaoingia kwenye komeo, vikombe vimechimbika. Kosa kubwa hapo ni kununua goroli peke yake, kwa sababu goroli mpya zitaketi kwenye mashimo ya zamani. Vibadilishwe pamoja, juu na chini. Seti ya modeli ya zamani isipopatikana, fundi anaweza kupima kipenyo cha ndani, cha nje na kimo, akatafuta beringi ya roli zilizochongoka yenye vipimo hivyo. Kisha nati ikazwe hadi shokapu zikivutwa mbele na nyuma zisicheze, na usukani ukisukumwa kwa kidole kutoka katikati uanguke wenyewe hadi mwisho, kushoto na kulia sawasawa. Baada ya kilomita mia chache, vikombe vipya vikishakaa, chombo kirudishwe na nati ipimwe tena kwa namna ileile.