Mkono Uliolegea Usingoje

Pale Tunduma, mpakani na Zambia, malori hungoja zamu ya kuvuka. Mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa hawezi kungoja.

Mabega yakikwama, mishipa ya fahamu ya shingoni huweza kuvutika. Mama huona mkono mmoja umelala tu. Jamaa hunong'ona habari za uchawi, naye humficha mwanawe ndani ya khanga.

Ndugu mzazi, huo si uchawi, wala si kosa la mama. Watoto wengi wa namna hiyo hupata nafuu. Mpeleke hospitali ya mkoa wa Songwe, kule Vwawa; ikibidi, fuata barabara kuu hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Daktari atahakikisha kwanza kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakufundisha kuukunja na kuunyoosha mkono polepole, kila umbadilishapo nepi, bila kuuvuta. Miezi 3 ikipita na kiwiko hakijakunjika, omba kuonana na daktari bingwa wa upasuaji.

Baba naye, hata akishinda mpakani kwa biashara, ajifunze mazoezi hayo. Samaki mkunje angali mbichi.